Skrini mbili au tatu kwa kompyuta moja ya mezani: anzia matundu ya nyuma

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa madukani Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni zile zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Nyingi kati yake zinaendesha skrini mbili, hata tatu, bila kufunguliwa wala kuongezwa kitu ndani. Kinachowakwamisha watu ni waya. Mtu hununua skrini ya pili, akafika nyumbani akakuta tundu lililobaki nyuma ya kompyuta halipatani na waya aliopewa. Hurudi dukani kutafuta adapta, huuziwa inayofanya kazi kinyume na anavyohitaji, na siku mbili nzima huilaumu Windows. Basi kabla hujatoa hela, geuza kasha la kompyuta, lile wengi wanaloliita CPU, ulitazame mgongoni.

Kuyasoma matundu

VGA ni lile la bluu lenye vishimo 15 katika mistari mitatu, na skrubu pande zote mbili. DVI ni kubwa na mara nyingi jeupe. HDMI kila mwenye televisheni analijua. DisplayPort ndilo linalochanganya watu, kwa sababu ukubwa wake unakaribiana na wa HDMI. Tofauti iko kwenye kona: HDMI imebinywa kona mbili za chini, DisplayPort imekatwa kona moja tu. Kichwa cha waya wa DisplayPort huwa na kitufe kinachoachia ndoano mbili ndogo. Ukiuvuta bila kukibonyeza unaweza kuling'oa tundu lenyewe kutoka kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa ndani ya kasha, na hapo fundi atakudai zaidi ya bei ya skrini.

OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1, ambazo huonekana sana madukani, zina DisplayPort mbili na VGA moja, bila HDMI. OptiPlex 7050 ina DisplayPort mbili na HDMI moja. Hata hivyo usiamini jina peke yake. Tazama kwa macho yako, maana mashine ya jina hilohilo inaweza kuwa na kadi ya ziada au kifuniko juu ya tundu. Kisha zitazame skrini. Za mitumba za inchi 22 aghalabu zina VGA na DVI, na baadhi zina DisplayPort pia. Mpya za bei nafuu huja na HDMI na VGA. Piga picha ya mgongo wa kompyuta na wa kila skrini kwa simu, uende nazo dukani. Muuzaji anayejua kazi ataziomba mwenyewe.

Prosesa inakubali skrini ngapi

Mashine isiyo na kadi ya picha ya kuongezewa hutengeneza picha kwa prosesa yenyewe, ile chipu kuu ya kompyuta, na prosesa ina kikomo chake. Kwa Intel Core, kizazi cha 2 hukubali skrini 2. Kizazi cha 3 hadi cha 10 hukubali 3, na prosesa za mezani za kizazi cha 12 hukubali 4. Kizazi husomwa kwenye namba: i5-2400 ni cha 2, i5-4590 ni cha 4, i5-10500 ni cha 10. Namba ikimalizikia na herufi F, kama i5-10400F, prosesa hiyo haina picha kabisa, na matundu yaliyoko kwenye madabodi hayatatoa chochote. Kama hujui yako ni ipi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha CPU (hapa maana yake ni prosesa, si kasha). Jina limeandikwa juu kulia.

Kikomo hiki ndicho sababu mashine yenye matundu manne inaweza kuwasha skrini tatu na ya nne ikabaki giza bila kuharibika kitu.

Kizazi cha 3 kina mtego wake, unaowapata wenye OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Kina saa mbili tu za ndani za kupigia mapigo ya mawimbi ya VGA, DVI na HDMI, ilhali DisplayPort halisi zinaweza kugawana saa moja. Ukiweka adapta ya kawaida ya HDMI kwenye DisplayPort zote mbili na skrini ya tatu kwenye VGA, utapata mbili tu. Ili tatu ziwake, mbili kati yake ziende kwa waya wa DisplayPort mpaka kwenye skrini, au kwa adapta yenye chipu ndani, ile wauzaji wanayoiita "active". Kadi za zamani za AMD Radeon HD 5000 na 6000 zina ugonjwa uleule, kwa sababu ileile.

Waya na adapta: hapa ndipo hela hupotea

Waya wa DisplayPort kwenda DisplayPort ndio bora kuliko yote. Ukiweza, chagua huo. Unaofuata ni waya wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande mwingine. Huo hufanya kazi kwa mwelekeo mmoja tu: kichwa cha DisplayPort kikae kwenye kompyuta, cha HDMI kwenye skrini. Ukiwa na kompyuta yenye HDMI na skrini yenye DisplayPort tu, waya huo hautawasha kitu hata uugeuze vipi. Utahitaji kigeuzi chenye chipu, ambacho huwa na kijiwaya cha USB cha kukipa umeme. Wauzaji wengi hawaijui tofauti hii, kwa hiyo useme kwa maneno kamili: "kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya skrini."

HDMI na DVI hupatana pande zote mbili, kwa kuwa mawimbi ya picha ni yale yale na kinachobadilika ni umbo la kichwa tu. Sauti ndiyo usiitegemee kupita kwenye DVI.

Kwenda VGA kutoka DisplayPort au HDMI lazima pawe na chipu ya kubadilisha dijitali kuwa analojia, nayo haifanyi kazi kinyume. Picha itaonekana, ila herufi zitalegea kidogo. VGA iwe ya skrini ya pembeni, ya kuweka barua pepe au WhatsApp. Usiitumie kwa skrini unayoisoma siku nzima.

Kuna kifaa kimoja cha kuepuka kabisa: kigawanyio cha HDMI, kile chenye mdomo mmoja wa kuingia na miwili ya kutokea. Kinaitoa picha ileile kwenye skrini mbili. Kinafaa kwenye baa yenye televisheni mbili za kuonyesha mpira. Windows inakiona kama skrini moja, na hakuna mpangilio utakaokifanya kiwe mbili. Kigawanyio cha VGA ni hivyohivyo.

Kwa urefu, mita 1.5 hadi 2 zinatosha karibu kila meza. Kwa skrini ya 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, tazama pia toleo la tundu: HDMI 1.4 huishia picha 30 kwa sekunde kwa ukubwa huo, na kipanya huonekana kama kinakokotwa kwenye matope. HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 hufikisha 60. Kwa skrini za kawaida za 1920 kwa 1080 hili lisikuumize kichwa, matundu yote yanatosha.

Mezani na kwenye umeme

Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 54 hivi, kwa hiyo mbili zinataka meza ya sentimita 120. Kina cha meza kisipungue 60, vinginevyo pua itagusa kioo. Ile unayoitazama zaidi iwekwe mbele yako kabisa, na ya pili iinamishwe kidogo kukuelekea kama kitabu kilichofunguliwa. Kuziweka zote mbili sawa ili mpaka wao uwe katikati ya macho hupendeza kwenye picha, lakini shingo hugeuka kutwa nzima. Ukingo wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo. Ukitaka mkono wa kushikia skrini, hakikisha mgongo wa skrini una matundu manne ya skrubu yaliyopangwa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100. Skrubu zake ni M4. Si kila skrini ya bei ndogo inayo.

Skrini za mitumba kutoka bara la Ulaya mara nyingi huja na waya wa pawa wenye pini mbili za mviringo, ambao hauingii kwenye soketi zetu za pini tatu bapa za Tanzania, Kenya na Uganda. Wako wanaochomeka kalamu kwenye tundu la ardhi ili kulifungua, kisha wakaulazimisha waya uingie. Usifanye hivyo. Waya unaofaa ni uleule wa kasha la kompyuta, na fundi yeyote anao. Sababu ni ya umeme kabisa: skrini isiyofika ardhini huacha mabati yake na chuma cha HDMI vikiwa na volti inayotekenya vidole, na cheche wakati wa kuchomeka inaweza kuunguza tundu la picha. Kwa sababu hiyohiyo, chomeka kompyuta na skrini zote kwenye ekstensheni moja yenye ardhi, na unganisha nyaya za picha vikiwa vimezimwa.

Kwa UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, skrini ya LED ya inchi 22 hadi 24 hula wati 20 hadi 30. UPS ndogo ya 650 VA, yenye uwezo wa wati 360 hivi, inabeba kompyuta ya ofisini na skrini mbili, ila muda wa betri utapungua. Kama shida yako ni umeme wa kukatika mara kwa mara, weka kwenye UPS kasha na skrini kuu tu. Ya pili izimike.

Kuzipanga kwenye Windows 10 na 11

Washa skrini zote kwanza, kisha kompyuta. Skrini ikiandika kuwa haina mawimbi, tumia kitufe chake cha Input au Source kuchagua tundu ulilochomeka waya. Nyingine hazijitafutii zenyewe. Baada ya hapo:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Extend. Duplicate hurudia picha ileile. Extend hurefusha eneo la kazi.
2. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, fungua Display settings. Utaona mistatili yenye namba. Bofya Identify, namba itokee kubwa kwenye kila skrini.
3. Buruta mistatili mpaka ikae kama skrini zilivyokaa mezani. Zingatia na kimo: kama ya pili imekaa chini kidogo, ishushe na hapo. Kipanya huvuka pale tu kingo za mistatili zinapogusana, na mtu anayesema "kipanya kinagonga ukuta" karibu kila mara ameruka hatua hii. Bofya Apply.
4. Chagua mstatili wa skrini kuu, weka alama kwenye Make this my main display.
5. Kwa kila skrini, angalia Display resolution iwe ile iliyoandikwa Recommended. Ukubwa mwingine hufanya herufi zivimbe na kufifia.
6. Scale: asilimia 100 kwa inchi 22 au 24 ya 1080, asilimia 150 kwa inchi 27 ya 4K. Ukichanganya hizo mbili, dirisha litabadilika ukubwa linapovuka mpaka. Ni kawaida.
7. Fungua Advanced display uone Refresh rate. Skrini ya hetzi 75 mara nyingi huachwa kwenye 60 bila mwenyewe kujua.

Njia ya mkato ya kukaririwa ni moja: Windows+Shift pamoja na mshale wa kulia au kushoto huhamishia dirisha skrini ya pili. Ndiyo pia inayookoa dirisha lililofunguka kwenye skrini iliyozimwa.

Kadi ya kuongezea

Ukihitaji skrini nne, au prosesa yako ni ya kizazi cha 2, ongeza kadi ya picha. Makasha membamba ya ofisini hukubali kadi fupi tu, kwa hiyo hakikisha kadi inakuja na bati fupi la mgongoni, maana huuzwa na refu, na fupi hupotea. Chagua isiyohitaji waya wa umeme kutoka pawasaplai, kwa kuwa makasha hayo hayana waya huo. Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75. Quadro P400 ina mini DisplayPort tatu na hula wati 30. Quadro P620 ina nne na hula 40. GeForce GT 1030 hula 30, lakini kwa kawaida ina matundu mawili tu. Hesabu pia bei ya adapta za mini DisplayPort, kwani kadi za mitumba aghalabu huuzwa bila hizo.

Zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, kisha sukuma kadi kwenye sloti ndefu mpaka isikike "tak".

Sasa jambo linalowashangaza wengi: ukishaweka kadi, mashine nyingi za ofisini huyazima matundu ya madabodi. Skrini iliyokuwa ikiwaka jana leo ni giza, na mtu hudhani kadi ni mbovu. Hamishia nyaya zote kwenye kadi. Ukitaka kutumia kadi na madabodi kwa pamoja, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, wakati wa kuwasha, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP na F1 kwenye Lenovo. Kwenye OptiPlex, nenda sehemu ya Video, uwashe Multi-Display. Mashine nyingine hazina chaguo hilo.

Inapogoma

Skrini ya pili haionekani kabisa kwenye Display settings, au huwezi hata kubadili rezolusheni: fungua Device Manager, utazame Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva halisi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha picha za mashine hiyo, haipo. Hili ni la kawaida sana kwenye kompyuta ya mtumba iliyowekewa Windows upya, na draiva hiyo ya msingi huendesha skrini moja tu. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia namba ya mashine iliyobandikwa kwenye kasha, usipakue kutoka tovuti zinazoahidi "draiva zote bure".

Draiva ipo na bado giza: badilishana nyaya kati ya skrini mbili, kitu kimoja kwa wakati. Tatizo likihama pamoja na waya, waya ndio mbovu. Likibaki kwenye tundu, tazama upya kikomo cha prosesa na mwelekeo wa adapta.

Picha ya VGA imesogea pembeni au inatetemeka: bonyeza kitufe cha AUTO kwenye skrini huku ukurasa mweupe wenye maandishi umefunguka, ili skrini ipate kingo za kupimia.

Skrini ya DisplayPort ukiizima kwa kitufe chake, kompyuta huweza kuihesabu kuwa imechomolewa, na madirisha yote hukimbilia ya kwanza. Windows 11 ina chaguo, ndani ya Display settings chini ya Multiple displays, la kukumbuka mahali pa madirisha, liache limewashwa.

Kompyuta imezimwa lakini taa yake inafifia, au haiwaki mpaka uchomoe waya wa skrini: hiyo ni pini ya 20 ya DisplayPort. Kwa kanuni za VESA, shirika linaloweka viwango vya DisplayPort, waya wa kawaida hautakiwi kuiunganisha pini hiyo. Nyaya duni huiunganisha, na umeme wa skrini ukaingia kwenye kompyuta kwa mlango wa nyuma. Tupa waya huo.

Televisheni kama skrini ya pili hukata kingo, na upau wa chini haumo: tatizo liko kwenye televisheni. Tafuta kwenye mipangilio yake ya picha maneno kama Just Scan au Screen Fit. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, hivyo kwa kusoma maandishi karibu zitakuchosha macho hata ukizipanga vizuri.

Kwa Ubuntu, Settings kisha Displays hutoa mistatili ileile ya kuburuta. Chagua Join Displays. Kwenye mifumo inayotumia Xorg, programu ya zamani ya kuchora picha kwenye Linux, amri `xrandr` ikiandikwa peke yake huorodhesha matundu na majina yake, na `xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of DP-1` huiweka skrini ya HDMI kulia kwa ile ya DisplayPort. Weka majina yaliyotokea kwenye orodha yako, maana hubadilika kati ya mashine na mashine, na mpangilio wa amri hiyo hufutika kompyuta ikizimwa mpaka uuweke kwenye programu zinazoanza pamoja na mfumo.